Lamu au Malindi? Jibu kwa mwanafunzi anayetafuta mahali bora pa kuishi

Swali: "Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Lamu. Mwalimu wetu wa jiografia ametupa mradi wa utafiti: tuchague mahali bora pa kuishi kati ya Lamu na Malindi, kisha tuthibitishe. Nimeweka vigezo kumi, kila kimoja nikakipa alama kati ya 1 na 10. Malindi imepata 74, Lamu 61. Nilipomsomea bibi matokeo akaniambia, 'Usiache mbachao kwa msala upitao,' akakataa katakata. Je, bibi anasema kwa mapenzi tu, au nimekosea mahali? Na mahali bora panathibitishwaje?"

Marahaba, mwanangu. Nakushukuru kwa kuniletea jedwali zima badala ya matokeo peke yake. Nimefanya kazi ya upangaji wa miji hapa Pwani kwa miaka mingi, na nimeshika mikononi ripoti kubwa kubwa ambazo jedwali lake halionekani popote. Lako naliona, kwa hiyo naweza kukujibu.

Hesabu yako ni sahihi, na bibi yako naye hajakosea. Nyinyi wawili mmejibu maswali tofauti. Wewe umejibu: mji upi una vitu vingi? Yeye anajibu: mimi, kwa umri wangu na miguu yangu, nitaishi wapi siku zikaenda? Swali la mwalimu wenu halikusema mahali bora kwa nani. Hapo ndipo mradi wako unapoanzia.

Tulitazame jedwali kwanza. Tofauti kati ya miji miwili ni alama 13. Nimefuata mstari kwa mstari nikaona kwamba zote zimetoka katika vigezo vitatu tu: usafiri (Malindi 9, Lamu 3), burudani (Malindi 8, Lamu 4) na ajira (Malindi 8, Lamu 5). Saba vilivyobaki, ukivijumlisha, vinatoka sare. Sasa tazama kigezo cha usafiri. Umeipa Lamu 3 kwa sababu haina matatu wala barabara ya magari mjini. Lakini usafiri ni njia tu ya kufikia kitu. Tuseme badala yake unapima dakika za kutembea kutoka mlangoni hadi sokoni, msikitini, shuleni na dukani. Malindi, mitaa imetawanyika. Lamu, vingi viko karibu. Tuseme Malindi inapata 6 na Lamu 8. Tofauti imeshuka hadi alama 5. Bibi yako hajali burudani ulizoziorodhesha, basi mwondolee kigezo hicho: inabaki alama 1. Hatafuti kazi, ondoa na ajira: Lamu imetangulia kwa alama 2.

Sijabadilisha Lamu wala Malindi hata kidogo. Nimebadilisha mtu anayeuliza. Katika ripoti yako nataka uifanye hesabu hii mbele ya msomaji, kwa watu watatu au wanne tofauti: bibi, kijana aliyemaliza shule, mama mwenye mtoto mchanga, mvuvi. Kila mmoja akupangie mwenyewe kipi kina uzito kwake, kisha uonyeshe mshindi anabadilika wapi. Mji ukishinda kwa watu wote hao, hapo una jambo zito la kusema. Ukishinda kwa mmoja tu, sema ni kwa nani.

Naona vigezo vyako vimefuata orodha zinazopatikana kwenye intaneti. Si vibaya, ila ujue zilitungwa kwa ajili ya nani. Orodha maarufu kuliko zote ni ya Economist Intelligence Unit, kampuni ya utafiti ya Uingereza. Huipa miji alama kwa kipimo cha hadi 100: utulivu wa kiusalama asilimia 25, utamaduni na mazingira asilimia 25, afya 20, miundombinu 20, elimu 10. Mwaka 2024 ilipima miji 173, na Vienna ya Austria ikawa ya kwanza. Moja ya matumizi yake tangu awali ni kuzisaidia kampuni kukadiria posho ya ugumu wa maisha kwa wafanyakazi wanaopelekwa nchi za nje. Mfanyakazi huyo ana mshahara, nyumba amelipiwa, na baada ya miaka michache ataondoka. Vigezo vyake haviulizi kama kisima kitakuwa na chumvi miaka ishirini ijayo, wala ardhi iliyo chini ya nyumba ni ya nani. Mtu wa mtaa wa Langoni, Lamu, lazima aulize yote mawili.

Sasa nije kwenye jambo linalonigusa zaidi. Umeupa kila mji alama 6 kwa maji, ukaendelea na safari. Maji hayajumlishwi hivyo. Ukijumlisha alama, unaruhusu kitu kimoja kifidie kingine: maji yakipata 2 na burudani 10, jumla inapendeza. Lakini hakuna mtu anayekunywa burudani. Kuna vigezo vya kulinganishwa, na kuna vigezo vya kizingiti: ama mahali panavuka, ama panatoka kwenye mashindano kabla ya alama nyingine yoyote kuandikwa. Maji safi ni kizingiti. Weka kipimo chake wazi. Shirika la Afya Duniani huhesabu lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa ndizo zinazotosha mahitaji mengi ya nyumbani, na lita 20 hivi kuwa kiwango cha chini kabisa. Mtungi wa kawaida unaoujua ni lita 20. Kwa hiyo nyumba ya watu sita inayopata mitungi sita kwa siku iko kwenye kiwango cha chini, hata kama ina intaneti ya kasi. Na hili si ombi la hisani: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inataja maji safi ya kutosha kuwa haki ya kila mtu.

Miji hii miwili inapata maji kwa njia zisizofanana, ndiyo maana alama 6 kwa 6 inaficha habari yenyewe. Kisiwa cha Lamu hakina mto. Maji matamu ya mji hutoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, kijiji kilicho kisiwani humo humo. Mvua ikinyesha, mchanga huifyonza, na kwa kuwa maji ya mvua ni mepesi kuliko ya bahari, hukaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wa maji wana kanuni yao: kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 chini yake. Igeuze kanuni hiyo uone hatari yake. Ukivuta maji mpaka usawa ukashuka mita 1, mpaka wa chumvi nao, baada ya muda, hupanda kama mita 40. Kwa hiyo kila nyumba inayojengwa juu ya mchanga ule, na kila shimo la choo linalochimbwa pale, linagusa mtungi wa maji wa mji mzima. Mtu akikwambia Shela ni mahali pazuri pa kujenga, muulize anamaanisha kijijini au juu ya vilima.

Malindi mfereji wake unaanzia Baricho, kwenye visima vilivyo kando ya mto Sabaki, na chanzo hicho hicho kinanywesha Kilifi na Mombasa. Mto ni mkubwa, lakini bomba ni refu na wanywaji ni wengi. Swali la Lamu ni kama mchanga utaachwa salama. Swali la Malindi ni maji yanafika mtaa gani, siku ngapi kwa wiki, na yasipofika watu wananunua kwa bei gani. Hayo yote mwanafunzi anaweza kuyapima kwa daftari na kalamu.

Usidhani nakuza jambo. Una ushahidi wa mawe kando yako. Vuka hadi kisiwa cha Manda utazame magofu ya Takwa, mji uliohamwa karne ya 17. Inasimuliwa kwamba maji ya visima yaliingia chumvi, watu wakavuka mlango wa bahari wakaweka makao Shela, na hadi leo watu wa Shela hurudi Takwa kuomba mvua. Kusini mwa Malindi iko Gedi, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2024, miaka 23 baada ya mji wako wa Lamu. Gedi ilikuwa na misikiti, jumba la mfalme na nyumba za mawe zilizopangwa vizuri, nayo pia ikabaki mahame. Sababu zinazotajwa ni kadhaa, vita na uvamizi vikiwemo, lakini maji kupungua yamo, na wachimbaji wa mambo ya kale walikuta dalili kwamba kisima kiliongezwa kina. Nikifika pale hukaa ukingoni mwa kisima nikiwafikiria watu waliokuwa wakishusha kamba ndefu zaidi kila mwaka. Jedwali lao la vigezo lingekuwa zuri kuliko lako na langu, isipokuwa mstari mmoja.

Jinsi ya kupima maji ya kisima nilifundishwa na mama mmoja wa Langoni, nikiwa kijana niliyetumwa na daftari. Alinichotea ndoo mbili kwenye kisima chake: moja alfajiri kabla ya majirani kuja, nyingine adhuhuri watu wakiwa wamechota mfululizo. Akachukua kipande kile kile cha sabuni akasugua katika kila ndoo. Ya alfajiri ilitoa povu likajaa mkononi. Ya adhuhuri sabuni ilikatika vipande vyeupe, povu hamna. Hakuniambia neno, alinitazama tu. Leo kuna vifaa vidogo vya kupima chumvi kwenye maji, na shule nyingine zinavyo maabarani. Ukikipata, kitumie. Usipokipata, sabuni ya yule mama inatosha, mradi upime kisima kile kile, asubuhi na mchana, wakati wa bamvua (maji makubwa) na wa maji mafu (maji madogo), na uandike saa.

Kizingiti cha pili nakipendekeza kiwe matibabu ya dharura. Lamu mjini kuna hospitali ya kaunti, lakini mgonjwa anayehitaji rufaa kubwa zaidi atavuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, aendelee kwa barabara, au arushwe kwa ndege kutoka Manda. Kutoka Malindi kwenda Mombasa ni lami tupu, kama kilomita 120. Kwa mama anayetarajia kujifungua, tofauti hii si ya alama 2 au 3. Hapa Malindi inamzidi Lamu, na bibi yako akubali.

Jambo jingine: mji ni mkubwa mno kuwa kipimo. Hakuna mtu anayeishi "Lamu". Anaishi Mkomani, Langoni, Gadeni, Wiyoni. Mkomani kuna nyumba za mawe zenye kuta nene za matumbawe na chokaa, daka (kibaraza) mlangoni, wikio (chumba kinachovuka) juu ya kichochoro. Vyumba ni virefu na vyembamba kwa sababu urefu wa boriti ya mkoko ndio uliokuwa ukiamua upana wa chumba. Mchana wa kaskazi, tundika kipimajoto katika chumba cha ndani kabisa, kisha ukapeleke kwenye nyumba ya bati huko pembezoni, saa ile ile. Tofauti utakayoisoma ni sehemu ya ubora wa mahali, na hakuna orodha ya intaneti inayoijua. Ila mwenye nyumba ile ya mawe naye ana mzigo wake: katika mji wa kale hawezi kubomoa au kukarabati apendavyo, maana majengo yanalindwa na sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006, na fundi wa chokaa na boriti hapatikani kwa bei ya fundi wa simenti. Malindi vivyo hivyo: Maweni si Casuarina, na Muyeye si Shella. (Ndiyo, Malindi nayo ina Shella yake. Katika ripoti andika ni ipi, usije ukamchanganya msomaji.) Chagua mitaa miwili kila mji, uilinganishe minne hiyo.

Uende lini? Katika kazi zangu za mwanzo nilitumwa kukagua mtaa mmoja mpya wa bara uliokuwa ukigawanywa viwanja. Nilikwenda Januari, kaskazi inavuma, ardhi kavu, upepo mzuri, nikaandika kwamba panafaa. Mei masika yalipokolea nilipita tena kwa shughuli nyingine. Maji yalikuwa yamesimama hadi magotini, mashimo ya vyoo yamefurika, na visima viko hatua chache tu kutoka hapo. Familia zilikuwa zimeshahamia, na ripoti iliyowaleta ilikuwa na sahihi yangu. Tangu siku ile sisaini jambo nililoliona kwa msimu mmoja. Wewe huna mwaka mzima, lakini una watu: muulize kila unayemhoji Mei panakuwaje, Januari panakuwaje, na akuonyeshe alama ya maji ukutani. Pwani ya Malindi nayo haifanani mwaka mzima. Sabaki huteremsha tope, na kusi hutupa mwani ufuoni. Picha za watalii za Disemba hazitakuonyesha hayo.

Katika watu utakaowahoji, usiishie kwa wanaoishi pale tu. Walioridhika wamebaki, walioshindwa wamekwenda zao, kwa hiyo ukiuliza wakazi peke yao utasikia sifa zaidi ya ukweli. Tafuta watu wa Lamu na wa kisiwa cha Pate waliohamia Malindi, uwaulize kilichowaondoa ni nini na wanakikosa kipi. Tafuta pia aliyekwenda Malindi au Mombasa akarudi. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, walisema wazee, na huyo aliyerudi ngamani ana mengi kuliko watu kumi ambao hawajatoka. Kabla ya kuuliza jieleze, omba ruhusa, na usipige picha ndani ya nyumba ya mtu bila idhini yake.

Swali moja naomba lisikose katika karatasi yako: ardhi ni ya nani? Hapa Pwani mtu anaweza kumiliki nyumba na asimiliki kiwanja iliposimama. Analipa kodi ya ardhi kwa mwenye shamba miaka na miaka. Mizizi ya hali hii ni mirefu. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, wakati wa ukoloni, iliwapa hati walioweza kupeleka madai yao, na wengi wa Mijikenda wakajikuta maskwota kwenye ardhi waliyokuwa wakiilima. Mtaa unaweza kuwa na maji, shule na lami, lakini kama wakazi wanaweza kuamrishwa kuondoka, hapo pana tatizo ambalo alama 74 hazilionyeshi. Uliza kwa upole, maana swali hili linauma.

Halafu kuna wakati ujao. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021 upande wa Kililana. Kwa kijana aliyesomea ufundi au usafirishaji, huenda hilo likapandisha Lamu. Kwa mvuvi wa maeneo yale, mambo yalikwenda vingine. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walioathirika na ujenzi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mvuvi huyo hakuhama hata hatua moja. Mahali pake ndipo palipobadilika akiwa amekaa. Usalama nao una historia yake: baada ya mashambulizi ya Juni 2014 huko Mpeketoni, mji wa bara katika kaunti ya Lamu, amri ya kutotoka nje usiku iliwafungia wavuvi wa usiku riziki, hata wale wa visiwani waliokuwa mbali na Mpeketoni. Unapoandika "usalama 6", eleza ni usalama wa nani, na umelipiwa kwa gharama ya nani.

Ripoti yenyewe usiifanye ndefu. Anza na mtu, siyo na mji: "Natafuta mahali bora kwa mama mwenye watoto watatu, anayeuza samaki," kwa mfano. Kisha vizingiti viwili, maji na dharura, pamoja na vipimo ulivyovichukua mwenyewe, saa na tarehe zikiwa zimeandikwa. Kisha alama za vigezo vilivyobaki na hesabu ya kubadilisha uzito kama tulivyofanya hapo juu. Mwisho useme kinagaubaga ungechagua wapi kwa mtu huyo na kwa nini. Mwalimu akikuuliza "kwa hiyo mshindi ni nani?", mjibu kwa jina la mtaa na jina la mtu. Usiogope kama jibu lina "lakini" ndani yake, ilimradi kila "lakini" ina kipimo nyuma yake.

Kuhusu burudani sina la kukueleza. Hilo vijana mnalijua wenyewe.

Sasa acha karatasi, nenda kwa bibi na ndoo mbili na kipande cha sabuni. Muulize kisima chake kilichimbwa mwaka gani, maji yalikuwa na ladha gani alipoolewa, na yameanza kubadilika lini. Mwandike maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiamu chake, usiyanyooshe. Kisha niletee vipimo vya alfajiri na adhuhuri, tuvitazame pamoja kabla hujampelekea mwalimu.